Ngozi ya mbuzi ya kuandikia, kwa njia ya watawa wa karne ya 8

Ngozi mbichi ikikauka bila kuvutwa huwa kama gome: ngumu, ya manjano, inayong'aa na kukataa wino. Ikikauka huku imevutwa pande zote, nyuzi zake hulala bapa, ikawa nyeupe na laini. Siri yote iko hapo. Chokaa ni maandalizi tu. Kwa njia hiyo watawa wa Wearmouth-Jarrow, Uingereza, walipata ngozi za Codex Amiatinus, Biblia nzima ya Kilatini iliyokamilika kabla ya mwaka 716: vipande zaidi ya 1,000, uzito kilo 34 hivi. Wewe anza na mbuzi mmoja.

Ifuate ngozi machinjioni asubuhi, uichukue siku hiyohiyo. Mwombe mchunaji atumie ngumi, si kisu, akifika ubavuni. Mkwaruzo wa kisu hauonekani ngozi ikiwa mbichi, lakini ukiivuta hufunguka kuwa tundu la umbo la yai. Vitabu vya kale vina matundu hayo, na mwandishi amelizunguka tundu katikati ya sentensi akaendelea. Epuka mbuzi aliyenona sana, mafuta yake hufukuza wino.

Loweka usiku na mchana katika maji safi, kisha osha hadi maji yasiwe na damu. Changanya chokaa ya kupakia ukuta na maji, kama kilo 1 kwa lita 10, iwe nzito kama maziwa. Tumia pipa la plastiki. Sufuria ya alumini italiwa na chokaa. Vaa glavu na miwani. Koroga kwa mti mara mbili au tatu kwa siku. Mwongozo mmoja wa zamani unasema siku 8, na mara mbili ya hizo wakati wa baridi. Kwa joto letu la huku kando ya ziwa, anza kupima siku ya 4: sukuma nywele kwa dole gumba, zikitoka bila kubishana, toa. Ukichelewa, ngozi hulegea na kuchanika fremuni.

Ilaze juu ya gogo laini, ondoa nywele kwa kisu butu, geuza uondoe nyama. Suuza siku 2 ukibadili maji. Maji ya chokaa yamwage kwenye shimo mbali na ziwa na kisima.

Sasa fremu: mbao za inchi mbili kwa mbili, mita 1 kwa 1.2, zenye matundu ya vigingi vya kuzungusha. Usipige misumari kwenye ngozi, itapasua. Okota kokoto laini za ufukweni, ukubwa wa gololi, kama 16. Kunja ukingo wa ngozi juu ya kokoto, funga chini ya kokoto kwa uzi wa nyavu (maduka ya mialoni, wanakoshusha samaki, yanao), kisha peleka uzi kwenye kigingi. Kokoto hugawanya nguvu, na fundo haliponyoki. Anza na shingo, mkia na miguu, halafu katikati.

Kisu kiwe cha nusu mwezi, mpini ukisimama katikati ya bapa. Mhunzi anaweza kukifua kutoka jembe kuukuu. Kisu kilichonyooka kina pembe, na pembe ikigusa ngozi iliyokazwa, hapo hapo kazi imekwisha. Mwagia maji ya moto, kwangua, kaza vigingi; rudia. Kausha kivulini. Jua la mchana hukausha juu kwanza, ndani kukabaki maji, na ngozi huwa gome tena. Ikikauka, kwangua upande wa nywele hadi ulingane na wa nyama, kisha sugua kwa msasa laini na vumbi la chaki. Baada ya hapo ndipo uikate kutoka fremuni.

Masika yakianza, unyevu wa ziwa huikunja. Ihifadhi kati ya mbao mbili chini ya uzito.

Kwa michoro ya mafundo, yaani mapambo ya mistari iliyosukwa kama kamba, toboa vituo vya duara kwa ncha ya bikari, uchore mistari ya kuongoza upande wa nyuma. Nyuma ya kurasa za mapambo za Injili za Lindisfarne, kitabu cha watawa wa Uingereza wa zama hizohizo, alama hizo za bikari bado zinaonekana.