Kabla Hujanunua Modeli ya Nyambizi: Skeli Kwanza, Vikorokoro Baadaye

Anza na futikamba. Picha ya kwenye boksi itakudanganya, futikamba haidanganyi. Skeli ni kugawanya tu: chukua urefu wa nyambizi yenyewe, gawa kwa namba ya skeli. Nyambizi ya Kijerumani ya Aina VIIC ilikuwa na meta 67.1. Kwenye 1/350 unapata sentimita 19, kwenye 1/144 sentimita 46 na nusu, kwenye 1/72 sentimita 93, na kwenye 1/48 karibu meta moja na sentimita 40. Gato ya Kimarekani ilikuwa na meta 95, kwa hiyo 1/72 yake ni sentimita 132, na hapo rafu nyingi za nyumbani zimeshashindwa. Usiseme "mimi ni mtu wa 1/72" kabla hujasema ni nyambizi gani.

Ongeza sentimita tano kila upande kwa ajili ya kisanduku cha kioo. Modeli isiyofunikwa hukusanya vumbi kwenye reli za mnara, na kulitoa bila kuvunja kitu ni kazi ya kujitesa.

Jingine ambalo watu hawalipigi hesabu ni rangi. Ukitoka 1/144 kwenda 1/72 urefu unakuwa mara mbili, lakini eneo la kupaka linakuwa mara nne. Kikopo kimoja kilichotosha kule hakitatosha huku. Nunua rangi yote ya kiunzi, yaani mwili wa nyambizi, kwa mara moja, kutoka toleo moja, maana kijivu cha kikopo cha pili mara nyingi hakifanani na cha kwanza, na kwenye ubavu mrefu mstari wa tofauti unaonekana kutoka mlangoni.

Skeli ipi basi? 1/700 waachie wanaopanga kundi zima la meli; nyambizi ya kisasa hapo ni kijiti chenye urefu wa kalamu. 1/350 inamfaa anayetaka kulinganisha nyambizi za nyuklia: aina ya Los Angeles sentimita 31, Ohio sentimita 49, Typhoon sentimita 50. Ziweke sambamba ndipo utaelewa. Ohio na Typhoon zinakaribiana urefu, lakini ya Kirusi ina upana wa sentimita 6.6 na ya Kimarekani 3.7 tu. 1/144 ndiyo ninayompa anayeanza bila kusita: inakaa mezani, mtu wa kawaida anatoka na milimita 12, na makosa ya mkono bado yanafichika. 1/72 ni ya anayependa mnara wenyewe, pamoja na bunduki, nyaya na mabaharia wa milimita 24. Maboksi ya zamani yenye skeli za ajabu kama 1/125 au 1/180 yaepuke, labda kama una mapenzi nayo maalumu. Yalipunguzwa ili yaenee kwenye boksi la kiwandani, na vifaa vyake vya ziada ni adimu.

Sasa vifaa vya ziada, na hapa ndipo fedha zinapotea.

Chukua mfano huu, maana unajirudia. Mtu anapenda U-47, ile ya Kijerumani iliyopenya Scapa Flow, kambi ya wanamaji wa Uingereza, usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 1939 na kuizamisha manowari Royal Oak. Ananunua boksi la VIIC la 1/72 kwa sababu ndilo lililopo. Anaagiza dekali (picha za kubandika) za fahali, nembo ya U-47. Kisha anaona seti nzuri ya vipande vyembamba vya shaba vya mnara, skeli 1/72, VIIC, anaagiza. Anaona mtutu wa bunduki ya deki wa sentimita 8.8, wa shaba iliyokerezwa, anaagiza. Vitu vyote vina namba moja ya skeli, basi roho imetulia.

Mzigo unafika. U-47 ilikuwa VIIB ya meta 66.5, wala si VIIC. Kwenye 1/72 boksi lake linatofautiana nayo kwa milimita 8. Milimita 8 mtu anaweza kuzimeza. Mnara haumezeki. Ile seti ya shaba ni ya mnara wa mwaka 1944: jukwaa la juu lina bunduki pacha mbili za milimita 20, na nyuma yake kuna jukwaa jingine la chini la bunduki ya milimita 37. Mnara wa mwanzo wa vita ulikuwa na jukwaa moja dogo na bunduki moja ya milimita 20. Anashika lile jukwaa la shaba, analiweka juu ya plastiki: linaning'inia nyuma, mashimo ya nguzo hayakutani na chochote, reli inazidi kwa kidole kizima. Ili likae lazima akate mnara wa plastiki. Na akiukata, ule mtutu wa sentimita 8.8 unakosa mahali pa halali, kwa sababu bunduki za deki zilianza kuondolewa kwenye nyambizi hizi mwaka 1943. Nembo ya 1939, bunduki ya kabla ya 1943, mnara wa 1944, vyote juu ya kiunzi kimoja. Alilipia mara tatu na hawezi kujenga nyambizi yoyote iliyowahi kuelea.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu na usiuruke. Chagua nyambizi moja kwa namba yake. Chagua mwaka, ikiwezekana na mwezi. Tafuta picha zake za wakati huo. Ndipo ununue boksi linaloitoa hiyo. Vifaa vya ziada vinakuja mwisho kabisa, na soma lebo: inatakiwa itaje kampuni iliyotengeneza boksi na namba ya boksi. "1/72" peke yake haitoshi. Nguzo za reli zimepangwa zikutane na vishimo vya plastiki ya kampuni moja. Kwenye plastiki ya kampuni nyingine, hata kama skeli ni ileile, zinapishana kwa milimita moja au mbili, na kwenye reli ya milimita 14 hilo si jambo dogo.

Mashimo ya ubavuni ya kuingizia maji nayo yachunguze. Viwanja viwili vya meli vilivyojenga aina moja havikuyatoboa kwa mpangilio mmoja. Kwenye Gato, za Electric Boat zinatofautiana na za Portsmouth na Mare Island. Minara ya Gato pia ilipunguzwa hatua kwa hatua vitani ili isionekane kwa mbali. Kwa zilizo za kisasa, Los Angeles za mwanzo zina mabawa kwenye mnara, za mwisho zimeyahamishia omoni. Tazama boksi linakupa zipi.

Je, unahitaji shaba kweli? Piga hesabu. Bomba la reli lenye unene wa sentimita 3 kwenye 1/72 ni milimita 0.4, kwenye 1/350 ni chini ya milimita 0.1. Plastiki haimwagiki kwa wembamba huo, ndiyo maana reli za plastiki za 1/350 zinaonekana kama magogo. Kwa hiyo kadiri skeli inavyokuwa ndogo, ndivyo reli za shaba zinavyokuwa na faida zaidi, na ndivyo zinavyosumbua zaidi. Kwenye 1/144 anza na reli na rafadha tu. Deki ya mbao iache kama ni ya njano mbichi na hujajiandaa kuitia giza: deki za VIIC zilipakwa dawa ya kuhifadhi mbao na zilikuwa karibu nyeusi.

Shaba inataka koleo bapa lisilo na meno, kisu kipya, na kigae cha kukatia. Ukikatia juu ya ubao laini, kipande kinapinda kabla hakijakatika. Kipande cha kuviringisha kipitishe kwanza juu ya moto mpaka rangi ibadilike, kiache kipoe, kitakuwa laini. Osha kwa sabuni, paka rangi ya msingi ya chuma. Gundi ya plastiki haishiki shaba. Tumia supaglu, tone dogo kwenye ncha ya waya. Ikimwagika usikimbilie asetoni, inayeyusha plastiki yenyewe.

Stendi iamue kabla ya kufunga kiunzi. Modeli ya sentimita 93 haisimami kwa gundi. Toboa mkuku sehemu mbili, bandika nati kwa ndani kwa epoksi, jaribu skrubu, kisha funga. Humohumo tia mataruma ya plastiki kila baada ya sentimita 12 hivi, la sivyo ubavu utabonyea ukiushika na ile jointi ndefu itapasuka baada ya rangi kukauka.

Kama nia yako ni kuizamisha kwa rimoti, usinunue chochote kabla ya kujua masafa ya redio yake. Rimoti nyingi za leo ni za gigahezi 2.4, na mawimbi hayo yanamezwa na maji: antena ikishuka sentimita chache tu, boti imekuwa kiziwi. Nyambizi za rimoti hutumia masafa ya chini, kama megahezi 27 au 40 Ulaya na 75 Marekani. Hata hayo ni ya maji yasiyo na chumvi. Maji ya chumvi yanapitisha umeme na kuua mawimbi karibu na uso, kwa hiyo aliye Mombasa au Dar es Salaam atafute bwawa la kuogelea, baharini apatazame tu. Usawazishaji nao hubadilika: maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo boti ya kilo 4 iliyosawazishwa bwawani itadai gramu 100 zaidi za farumi, yaani uzito wa kuishusha. Risasi ya farumi iwe chini kabisa, povu gumu karibu na mstari wa maji. Ukibadilisha, boti inalala ubavu. Na usiizamishe bila kifaa kinachotoa maji tangini chenyewe mawimbi yakipotea.

Unayeagiza kutoka nje, gundi za plastiki za majimaji na rangi za kupuliza huhesabiwa kuwa mizigo inayowaka, na wasafirishaji wengi wa ndege huzikataa; uliza kabla ya kulipa, na uliza ushuru. Vipande vya rezini (aina ya plastiki ya kumiminwa) usiviache ndani ya gari juani, vinapinda. Vikipinda, vitie kwenye maji ya moto, vinyooshe, vipoze kwa maji baridi. Supaglu iliyofungwa vizuri ikae frijini. Dekali zikae kwenye mfuko usiopitisha unyevu. Pwani, shaba isiyopakwa huanza kufifia haraka kwa chumvi ya hewani, basi usiiache wazi wiki nzima. Rezini piga msasa ikiwa imeloa na uvae barakoa. Vumbi lake halifai mapafuni. Fungua dirisha unapopuliza rangi. Betri za lithiamu usizichaji ukiwa umelala, na visu viweke juu, mbali na watoto.