Route 66 na trela la kulala: wapi ufike nalo, wapi uliache

Route 66 ilianzishwa mwaka 1926 kuunganisha Chicago na California, ikafutwa kwenye orodha ya barabara kuu za Marekani mwaka 1985. Vipande vya zamani vilivyobaki ndivyo vyenye vivutio vya ajabu, na baadhi ni vyembamba vyenye kona kali. Kwa hiyo kabla hujapanga pa kulala, gawa vituo mafungu mawili: vya kufika na trela, na vya kufika kwa gari peke yake.

Anza na uzito. Ulimi wa trela, ile sehemu inayokaa juu ya tufe la chuma nyuma ya gari, ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililopakiwa. Trela la kilo 2,000 linataka kilo 200 hadi 300. Zikipungua, trela linachezesha mkia kila lori likikupita. Zikizidi, gari linakaa kitako na magurudumu ya mbele hayashiki barabara vizuri. Mizani ya malori inatosha kupimia: pima gari na abiria wake bila trela, kisha funga trela na upime tena, magurudumu ya trela yakiwa nje ya mizani. Tofauti ndiyo uzito wa ulimi. Wengi huharibu hesabu kwa kujaza maji tangi lililo nyuma ya ekseli: lita 100 ni kilo 100 zinazonyanyua ulimi. Trela likianza kuyumba, usikanyage breki ya gari. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani usitikisike, kisha tumia breki za trela peke yake kwa swichi ya mkono iliyo karibu na dereva.

Kila asubuhi pima upepo wa tairi zikiwa bado baridi. Minyororo ya usalama ipishane chini ya ulimi, ili ukichomoka udakwe kabla ya kugonga lami. Waya wa breki ya dharura, unaofunga breki za trela likichomoka, ufunge kwenye gari lenyewe, kamwe si kwenye minyororo.

Cadillac Ranch, magharibi ya Amarillo, Texas, ni magari 10 yaliyozikwa vichwa chini mwaka 1974. Unaegesha kando ya barabara ya pembeni na kutembea shambani, hivyo trela halisumbui. Simama pale utakapoondoka bila kurudi nyuma. Mvua ikinyesha panageuka tope, acha viatu nje ya trela.

Petrified Forest, Arizona, ina gari bovu la Studebaker la 1932 mahali ilipopita Route 66. Barabara ya hifadhi ni kama kilomita 45 na trela linapita, ila hakuna kambi ya magari ndani na mageti hufungwa jioni. Usiokote hata kipande cha mti uliogeuka jiwe, ni kosa kisheria.

Oatman, Arizona, mji wa zamani wa dhahabu ambako punda huzurura barabarani, ndipo trela libaki nyuma. Njia ya mlimani kutoka Kingman hairuhusu magari yanayozidi urefu wa futi 40, yaani mita 12, na gari la mita 5.8 na trela la mita 7 tayari yamepita kipimo. Liache kambini Kingman: kabari pande zote mbili za magurudumu kwanza, ndipo ufungue ulimi. Ukigeuza utaratibu huo kwenye mteremko, trela litaondoka lenyewe. Kushuka mlima tumia gia ndogo, maana breki zikichemka hazishiki.