Namna ya Kutupa Betri Zilizokwisha Ukiishi Kijijini Japani

Nchini Japani taka za nyumbani husimamiwa na mji au kijiji chenyewe, kwa hiyo betri ambayo huku hutumbukizwa kwenye sanduku la ofisi ya mji, ng'ambo ya mlima hutolewa siku ya taka zisizochomwa. Usifuate mazoea ya rafiki anayeishi Tokyo wala ya mji ulikohamia kutoka.

Hatua ya kwanza ni kuisoma kalenda ya taka ambayo ofisi ya mji huwapa wakazi. Tafuta maandishi 乾電池, yaani kandenchi, ambayo ndiyo betri kavu za kawaida. Huenda ukaona siku maalumu ya taka hatari, au ukaelekezwa kwenye sanduku lililopo ofisini au katika ukumbi wa jumuiya. Katika mji wa Kamikatsu, mkoani Tokushima, ambao mwaka 2003 ulitangaza azma ya kuachana na taka, hakuna lori linalopita majumbani. Wakazi hupeleka taka zao wenyewe kituoni na kuzichambua katika mafungu zaidi ya 40.

Hatua ya pili ni kutenganisha betri kwa aina, na hapa usiharakishe. Fungu la kwanza ni betri kavu za tochi, redio na rimoti, pamoja na zile bapa za lithiamu zenye herufi CR au BR. Hizi kwa kawaida hupokelewa na mji. Fungu la pili ni betri za kidonge za saa na vifaa vya kusaidia kusikia, zenye herufi SR, PR au LR, ambazo hukusanywa katika baadhi ya maduka ya umeme na ya saa kwa sababu huenda zikawa na zebaki kidogo. Fungu la tatu ni betri za kuchajiwa, zilizoandikwa Ni-Cd, Ni-MH au Li-ion, ambazo hupelekwa kwenye maduka yanayoshirikiana na JBRC, shirika linalokusanya betri za kuchajiwa ili zirejelewe.

Ikiwa umepanga nyumba kuukuu iliyokaa miaka mingi bila mtu, kagua droo na tochi zilizoachwa humo. Watengenezaji wa Japani waliacha kutia zebaki katika betri kavu za manganizi mwaka 1991 na za alkali mwaka 1992, hivyo zile za zamani zaidi huenda bado zinayo. Miji mingi hupeleka betri kavu hadi Itomuka, Hokkaido, palipokuwa mgodi wa zebaki, ambako sasa kiwanda huitoa zebaki hiyo na kuokoa madini mengine. Katika nchi iliyoushuhudia ugonjwa wa Minamata, uliosababishwa na sumu ya zebaki, kuzitupa betri hizo mtoni au kuzifukia shambani ni jambo lisilovumilika.

Hatua ya tatu ni kufunika ncha zote mbili kwa utepe wa kunata. Betri bapa na za kidonge zizungushie utepe mzima. Betri iliyokwisha bado ina umeme kidogo, na ncha zikigusana hupiga shoti na kupata joto. Betri za lithiamu ndizo za kuogopwa kuliko zote, kwani zikibanwa ndani ya lori la taka huweza kulipuka moto na kuhatarisha wafanyakazi. Ukikuta betri kavu imevuja, vaa glovu, kwa sababu majimaji ya alkali huunguza ngozi na macho.

Hatua ya nne ni kuzihifadhi mahali pakavu, mbali na watoto, hadi siku ya kuzitoa. Zipeleke asubuhi ya siku hiyo katika mfuko unaoonyesha kilichomo, bila kuzichanganya na taka nyingine.

Betri ya kuchajiwa iliyovimba au kupasuka haipokelewi na JBRC. Usiichaji tena, usiitoboe wala usiing'oe kwa nguvu kutoka kwenye simu au pawabenki. Ipigie simu ofisi ya mji uulize. Mwezi Aprili 2025 Wizara ya Mazingira iliitaka miji yote ikusanye betri za lithiamu za majumbani, zikiwemo zilizovimba, kwa hiyo una haki ya kupewa jibu.

Betri za risasi za gari, au za uzio wa umeme unaozuia nguruwe mwitu mashambani, kwa kawaida hazichukuliwi na mji. Zirudishe dukani uliponunua, au uliza kwenye kituo cha mafuta.