Midoli ya muvi ya bei mbaya, na jinsi ya kuishi nayo huku pwani

Tuelewane kwanza wakuu, siongelei vile vimdoli vya plastiki vya elfu tano, naongelea ile ya skeli ya 1/6, yaani muigizaji wa sentimita 180 anakuja kwako akiwa na sentimita 30 hivi, nguo za kitambaa kabisa, sura imepakwa rangi kwa mkono hadi unaona ndevu zinavyoanza kuota. Wanaojulikana zaidi ni Hot Toys wa Hong Kong, walianza mwaka 2000, na mdoli mpya mara nyingi ni dola 250 hadi 400, hapo hujagusa usafiri, ushuru wala VAT, ambayo Tanzania ni 18%. Ukiona mpya kwa dola 60 hiyo ni feki, usijidanganye. Na mama mkwe akiuliza bei mwambie ulipewa zawadi.

Sasa watu wakishanunua wanahangaika na vumbi. Vumbi siyo ishu, brashi laini ya mekapu inalimaliza. Kinachoua midoli huku kwetu Dar, Tanga, Mombasa ni unyevu, na cha kwanza kufa ni ngozi feki. Makoti, buti na mikanda mingi ni PU, yaani plastiki ya polyurethane iliyopakwa juu ya kitambaa, na PU ikikaa kwenye joto na unyevu inavunjika yenyewe taratibu hata kama hujaigusa, ndo maana sofa la sebuleni linabanduka magamba. Mimi mdoli wangu mwenye koti jeusi niliufungia kwenye boksi miaka minne nikijua nautunza, siku ya kufungua nikainua mkono wake kidogo tu, kiwiko kikapasuka na magamba yakabaki vidoleni kama masizi ya sufuria. Kumbe ile nailoni ya kiwandani iliyozungushiwa koti sikuitoa, ikawa imefungia unyevu humo humo.

Kwa hiyo siku ya kwanza toa nailoni yote. Weka mdoli kwenye kabati la vioo lenye mlango unaofunga vizuri, ndani tia silika jeli, zile punje zinazobadilika rangi zikishiba maji, maana zinakaushwa kwenye oveni zinarudi kazini. Nunua na kipima unyevu kidogo, ukikaa kati ya 40% na 50% uko salama, huku nje mara nyingi ni zaidi ya 70%. Usipake koti dawa ya viatu wala mafuta ya nazi, hiyo siyo ngozi, hainywi mafuta. Na pozi za kukunja viwiko ni za kupigia picha tu, ukimaliza nyoosha mikono, kwenye mkunjo ndo panapopasuka kwanza.

Kama koti limeshaanza kubanduka, usisubiri liishe. Fumua mishono taratibu na wembe, tandaza vipande juu ya karatasi uvichore, hiyo ndo patani yako. Mpelekee fundi mzuri wa mikoba, mwambie unataka ngozi laini ya mbuzi iliyopunguzwa unene hadi nusu milimita hivi, ikizidi hapo mdoli utaonekana umevaa godoro. Atakucheka, mwache acheke, wangu alicheka akashona na sasa ananiuliza mwingine naleta lini.

Viganja vinabadilishwa, na hapo ndipo wengi wanalia. Usivute kikiwa baridi, kile kipini cha kwenye kifundo kinakatikia ndani. Puliza draya ya nywele nusu dakika kwa moto wa kati, plastiki ikilegea zungusha huku unavuta, kinatoka chenyewe.

Taa ni LED za waya wa USB zinatosha, bandika juu kwa mbele ili kivuli kiangukie nyuma, siyo usoni. Jua la dirishani hapana, linafubaza nguo na kugeuza plastiki nyeupe kuwa njano.

Kwenye kukastomu, yaani kuubadilisha mdoli utakavyo, anza na kuchafua nguo, ni rahisi na inabadilisha mdoli kuliko kitu chochote. Nguo nyeupe ya pamba ivue, chemsha chai ya rangi nzito isiyo na sukari (sukari italeta sisimizi, niamini), iache ipoe, lowesha sponji uguseguse. Uchafu una tabia zake jamani, unaanzia pindo la suruali, magoti, viwiko, ukipaka kila mahali sawasawa inakuwa kama nguo imefuliwa na jinzi. Subiri ikauke kabla hujaongeza. Usoni usiguse mpaka ujaribu kwenye kichwa cha feki, na asitoni ya kutoa rangi ya kucha isisogee kabisa karibu na mdoli, inayeyusha plastiki.

Boksi usitupe, siku ya kuuza mnunuzi anaulizia boksi kabla ya mdoli. Kama wako una macho ya kuwaka, betri toa kabla hujaurudisha kabatini, zikivuja zinakula nyaya za ndani ya kichwa na hapo hata fundi wangu wa mikoba hana msaada.