Kucheza Gofu ya Frisbi katika Uwanja Mdogo wa Mtaani: Mwongozo kwa Anayeanza

Gofu ya frisbi hufuata kanuni ileile ya gofu ya kawaida, yaani kumaliza kila shimo (kipande cha uwanja kutoka eneo la kuanzia hadi mwisho wake) kwa mitupo michache iwezekanavyo, ila hapa hurushwa diski ya plastiki, na mwisho wa shimo ni kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo juu yake. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, kwa juhudi za Ed Headrick, ambaye ndiye aliyebuni pia kikapu hicho. Hapa Ufini, ninakochezea, viwanja hivi vimeenea hadi miji midogo, na vingi viko wazi kwa umma bila malipo. Ninaeleza vile vifupi vya mtaani, ambavyo mashimo yake mengi hayazidi mita 80, kwa kuwa hapo ndipo mtu anapojifunza kulenga kabla hajatamani kurusha mbali.

Hatua ya 1: Chukua diski moja ya polepole. Diski nyingi huandikwa namba nne: kasi, uwezo wa kuelea, mwelekeo wa kupinda mwanzoni na mwelekeo wa kupinda mwishoni. Kwa sasa iangalie ile ya kwanza tu. Diski ya kumalizia, yenye kasi ya 2 au 3, ina ukingo mnene na huenda karibu moja kwa moja hata mkono usipokuwa na nguvu nyingi, ilhali diski za masafa marefu, zenye kasi ya 9 na kuendelea, zisiporushwa kwa nguvu ya kutosha hukata kona mapema na kuangukia vichakani. Muuzaji akikushawishi ununue seti nzima, mshukuru, kisha uchukue hiyo moja pamoja na taulo dogo, kwani diski iliyolowa umande huteleza mkononi.

Hatua ya 2: Soma bango, kisha tazama njia. Penye eneo la kuanzia kwa kawaida huwa na bango linaloonyesha urefu wa shimo, kikapu kilipo na mipaka ya uwanja. Bustani ya mtaa si ya wachezaji peke yao. Hupita watoto, wazee na watu wenye mbwa, nao hawana wajibu wa kukupisha. Usirushe mpaka njia iwe tupu kabisa, na diski ikimwelekea mtu, piga kelele mara moja ili ajikinge.

Hatua ya 3: Rusha kwa utulivu. Ikiwa unatumia mkono wa kulia, simama ubavu, bega la kulia likielekea kikapu. Shika ukingo kwa vidole vilivyokunjwa chini yake, kidole gumba kikiwa juu, kisha uivute diski kwa mstari ulionyooka mbele ya kifua, ukianza taratibu na kuongeza kasi mwishoni. Kinachoifanya diski itulie angani ni mzunguko wake, na mzunguko hutokana na mshiko thabiti pamoja na kiwiko kinachonyooka kwa wakati wake. Angalia jinsi inavyotoka mkononi: ikitoka huku pua, yaani ukingo wake wa mbele, imeinuka, itapanda, itasimama hewani na kuanguka upande wa kushoto, hata kama ulilenga vizuri. Tiba yake ni kushusha kidogo ukingo wa mbele, wala si kuongeza nguvu. Na kwa kuwa diski hii humalizia safari yake ikielekea kushoto, lenga kuliani kidogo mwa kikapu.

Hatua ya 4: Endelea kutoka diski ilipotua. Aliye mbali zaidi na kikapu ndiye anayerusha kwanza. Weka mguu mmoja nyuma tu ya diski yako, au nyuma ya alama ndogo uliyoiweka mbele yake, na wakati wa kurusha usikanyage mbele ya hapo. Diski iliyotoka nje ya mpaka kabisa huongezewa mtupo mmoja wa adhabu.

Hatua ya 5: Malizia ukiwa umesimama imara. Ukiwa ndani ya mita 10 kutoka kikapuni, huruhusiwi kusonga mbele ya alama yako mpaka uonyeshe kwamba umesimama imara baada ya kurusha. Hapa ndipo mitupo mingi ya anayeanza hupotea, na hapa ndipo ninapokusihi ufanyie mazoezi zaidi. Chagua mnyororo mmoja, si kikapu kizima, uukazie macho, kisha unyooshe mkono kuuelekea kana kwamba unataka kuushika. Shimo huhesabika limekwisha diski inapobaki ndani ya kikapu au ikishikwa na minyororo. Iliyokaa juu ya kofia ya kikapu haihesabiki. Ukiwa mita 15 na una shaka, ni busara zaidi kuisogeza diski karibu na kikapu kuliko kuirusha kwa nguvu ikapita na kuteremka mlimani.

Hatua ya 6: Ondoka upesi. Toa diski yako, nenda kwenye eneo la kuanzia la shimo linalofuata, na uandike idadi ya mitupo yenu mkiwa huko, ili walio nyuma yenu waweze kurusha bila kusubiri.