Maliza Nusu ya Pili: Kusafisha Tumbo Kabla ya Kolonoskopi Ukiwa Nairobi

Karatasi unayopewa siku ya kuandikishwa ina maagizo yote ya kusafisha tumbo, lakini inamfaa mtu mwenye choo ndani ya nyumba, friji jikoni na mfereji usiokauka. Mimi ni nesi wa chumba cha endoskopi (kupima tumbo kwa kamera) hapa Nairobi, na wengi wanaonipigia simu usiku wanaishi ploti, vyumba vya kupanga vyenye choo cha pamoja. Kwa hivyo nitaeleza kazi hii inavyofanyika Kayole, Umoja na Githurai. Mahali karatasi yako na maneno yangu yanapopishana, fuata karatasi. Aliyekuandikia anajua figo zako na moyo wako, mimi sijui.

Kolonoskopi ni kamera kwenye mrija mwembamba unaopinda. Inapitishwa njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, safari ya kama mita moja na nusu. Daktari anatafuta vidonda, mahali panapovuja damu, na vinyama vidogo vinavyoota ukutani mwa utumbo, ambavyo baadhi vikiachwa miaka mingi hugeuka saratani. Akiviona anaweza kuvikata papo hapo. Asipoviona kwa sababu ya uchafu, ujue bado vipo. Kusaka kinyama cha milimita tano ndani ya utumbo mchafu ni kama kusaka shilingi iliyoanguka kwenye matope ya soko la Gikomba mwezi wa Aprili. Uchafu ukizidi unarudishwa nyumbani, unapangiwa siku nyingine, unakunywa dawa ya kuendesha upya na pengine unalipa upya.

Kwanza dawa zako

Njoo na kila kitu unachomeza, hata kile ulichonunua kwa mama wa mitishamba, ukiweke mezani mbele ya nesi au daktari. Usiseme tu "nakunywa dawa za presha", maana dawa za presha ni nyingi. Zile za kukukojoza zinaweza kukukausha ukichanganya na kuendesha, na kuna nyingine ambazo tunataka umeze asubuhi ile ile na funda la maji. Nani aache na nani aendelee ni daktari wako wa kusema.

Mwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, iwe warfarini, klopidogreli au rivaroksabani, ndiye ninayemwogopea zaidi. Kuna wanaoziacha kimya kimya kwa kuogopa kuvuja damu, na wengine wanaendelea kuzimeza bila kutuambia. Wote wawili wanajiweka hatarini: mmoja damu inaweza kuganda impige kiharusi, mwingine anaweza kuvuja sana kinyama kikikatwa. Sema mapema, siku kadhaa kabla, ili upangiwe.

Mwenye sukari asiruke dawa wala asimeze kama kawaida kabla ya kuuliza. Siku ya kutokula, insulini au vidonge vya kawaida vinaweza kukuangusha sukari. Pima mara nyingi kuliko ulivyozoea, na weka glukosi au soda nyeupe yenye sukari karibu na kitanda. Ukianza kutetemeka na kutokwa jasho jembamba, kunywa, usingoje asubuhi.

Dawa za kuongeza damu, zile zenye madini ya chuma, huachwa kama wiki moja kabla kwa sababu zinafanya choo kiwe cheusi na kinate ukutani. Ibuprofeni na diklofenaki weka kando, kwani mwili uliokauka zinauumiza kwenye figo. Ukiumwa na kichwa, tumia parasetamoli. Mama, kama unameza vidonge vya uzazi wa mpango, vinaweza kutoka na choo kabla havijaingia mwilini, kwa hivyo tumieni kinga nyingine pia kwa muda. Ukihisi huenda una mimba, tuambie kabla hujafungua pakiti.

Halafu kuna hizi dawa za "kusafisha tumbo" zinazouzwa mjini na kwenye matatu. Sizitaki. Mafuta ya mbarika, chumvi ya haluli, mwarobaini wa kuchemsha, hakuna anayejua kipimo chake, na chumvi ya haluli ina magineziamu ambayo figo mbovu haziwezi kuitoa. Hata kemisti wa mtaa, hata awe rafiki yako, asikubadilishie uliyoandikiwa kwa sababu ameishiwa. Dawa zenye sodiamu fosfeti kwa mfano ni kidogo kwa ujazo na watu wanazipenda kwa hiyo, lakini zinaweza kuharibu figo, hasa za mzee au za mtu mwenye presha na ugonjwa wa moyo.

Dawa ya kuendesha tunayoipenda zaidi ni unga ulioandikwa PEG (polyethilini glaikoli). Mwili hauunyonyi, bali unapita na maji yake mpaka nje na kufagia njiani, na chumvi zilizomo ndani zinazuia mwili usipoteze za kwake. Ndiyo maana lazima uchanganywe na maji kamili yaliyoandikwa. Ukipunguza maji ili umalize haraka, unakuwa umeharibu dawa.

Siku za kula kidogo

Siku mbili au tatu kabla, achana na vyakula vyenye nyuzi na mbegu. Najua hiyo ni nusu ya meza ya Nairobi: githeri, ndengu, maharagwe, sukuma, managu, kachumbari, mahindi choma, njugu, mapera. Kula wali mweupe, mkate mweupe, ugali wa unga uliokobolewa (wa posho mill ngoja), viazi vilivyomenywa, mayai, samaki, kuku bila ngozi. Mbegu za pasheni na nyanya tunazikuta zimekaa ukutani nzima nzima, na tukijaribu kuzivuta zinaziba tundu la kufyonzea. Hapo daktari anasimama, anachomoa, anasafisha, anaanza tena, na wewe umelala hapo. Muguka na miraa pia acha. Majani yale yanabaki tumboni vile ulivyoyameza.

Kama choo chako kwa kawaida ni kigumu, cha mara moja kwa siku tatu, usituambie siku ya kipimo. Tuambie mapema, uongezewe maandalizi.

Siku moja kabla ya kipimo ni vinywaji tu, vile unavyoweza kuona hadi upande wa pili wa glasi. Hospitali nyingine zinaruhusu kiamsha kinywa chepesi, soma karatasi yako. Strungi (chai isiyo na maziwa) ni sawa, hata ya tangawizi ukiichuja. Juisi ya tufaha isiyo na nyama, soda nyeupe, ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), mchuzi wa kuku uliochujwa kwa kitambaa safi, yote sawa. Maziwa hapana, na uji hapana hata ukiwa mwepesi kiasi gani. Wazee wangu wengi hunibishia hapo kwenye uji. Chochote chekundu au cha zambarau pia weka mbali, kwani ndani kinafanana na damu.

Usijaze tumbo kwa maji matupu peke yake. Unapoendesha unapoteza chumvi, na ukirudisha maji tu, chumvi ya damu inashuka. Unaanza kuumwa kichwa, unachanganyikiwa, na ikishuka zaidi unaweza kupata degedege. Ndiyo kazi ya ORS na mchuzi, badilishana navyo.

Choo, maji na majirani

Hapa ndipo watu wanapokwama. Ukishaanza, huwezi kupanga foleni nyuma ya watoto wanaoenda shule. Kama una ndugu mwenye choo chake ndani, omba ulale huko usiku mmoja. Kama huna, ongea na majirani mchana. Waambie tu una kipimo hospitalini, hawahitaji zaidi ya hapo. Ufunguo wa choo ukae kwako usiku huo. Chumbani weka ndoo yenye mfuniko, tishu laini, sabuni na ndala zisizoteleza. Simu iwe na chaji, maana stima nayo huchagua usiku wa namna hiyo.

Maji yajaze siku ambayo mtaa wenu una zamu ya mgao, hata kama siku hiyo ni tatu kabla. Mitungi ya kuflashi na kunawa iwe peke yake, na ya kunywa peke yake. Maji ya kuchanganyia dawa yachemshe mapema yapoe, kwa sababu tumbo linaloendesha halihitaji kuongezewa vijidudu vya mkokoteni.

Jipake mafuta mazito ya mgando sehemu ya nyuma kabla hujaanza, si baada ya kuchubuka. Nawa kwa maji badala ya kusugua kwa tishu. Mzee anayeishi peke yake asilale peke yake usiku huo. Kuamka haraka gizani na presha imeshuka ndiko kunakoangusha watu.

Kunywa

Nichukue mfano wa lita nne za dawa na kipimo cha saa nne asubuhi. Lita mbili za kwanza unaanza saa kumi na mbili jioni, kikombe kikubwa cha robo lita kila baada ya dakika kumi na tano, na saa mbili usiku umemaliza. Kunywa kikombe kwa mkupuo. Ukionja onja utaichukia zaidi. Ladha ni ya chumvi na utelezi fulani. Ikiwa baridi inapita vizuri, na asiye na friji atumbukize chupa ndani ya karai la maji baridi. Mrija wa soda uliowekwa pembeni mwa ulimi husaidia, na kulamba kipande cha limau baina ya vikombe. Ila sukari na asali usitie ndani ya dawa yenyewe.

Tumbo litajaa na kunguruma, na kwa wengi choo kinaanza baada ya saa moja hadi tatu. Tembea tembea chumbani. Ukisikia kichefuchefu, pumzika nusu saa, kisha endelea polepole.

Sasa, nusu ya pili. Hapa simu yangu hulia. "Sista, kimetoka maji tupu, si nimesafika? Hiyo nyingine si niache?" Mzee wangu, hapana. Usiku kucha ukiwa umelala, utumbo mwembamba unaendelea kumwaga nyongo na ute mzito kwenye upande wa kulia wa utumbo mpana, na upande huo ndio wenye vinyama bapa vigumu kuonekana. Nusu ya alfajiri ndiyo inayousafisha. Kwa hiyo saa kumi alfajiri amka, lita mbili nyingine, na saa kumi na mbili asubuhi uwe umemaliza. Vinywaji vyepesi vinaweza kuendelea kidogo, lakini muda wa saa mbili kabla ya kipimo, yaani hapa kuanzia saa mbili asubuhi, mdomo unafungwa. Hospitali nyingine zinataka mapema zaidi. Tumbo lenye maji ukipigwa sindano ya usingizi linaweza kurudisha, na maji yakaingia mapafuni.

Angalia kinachotoka. Kahawia na mabonge, bado. Kahawia ya majimaji yenye vumbi vumbi, bado. Ya njano, unayoona sakafu ya choo kupitia kwake, umefika, hata kama kuna ute mweupe kidogo. Ikifika asubuhi bado ni kahawia, piga simu hospitalini kabla hujatoka nyumbani. Mara nyingi kuna la kufanya.

Kuna wakati wa kuacha kunywa kabisa na kwenda kitengo cha dharura. Unatapika kila unachoweka. Tumbo limevimba na kuuma sana, na hakuna choo wala hewa inayotoka, pengine pana mahali pameziba. Umezimia au unaongea maneno yasiyoeleweka. Kifua kinauma. Damu nyingi inatoka. Usingoje kukuche.

Njiani na baadaye

Kikombe cha mwisho kikipita, tumbo huchukua saa moja au mbili kutulia. Anayetoka Ruai au Juja na foleni ya asubuhi aombe nafasi ya saa tano au sita, tunazo. Vaa daipa ya mtu mzima njiani. Hakuna atakayejua, na ukikwama barabara ya Outer Ring utanishukuru. Beba nguo ya kubadilisha.

Njoo na mtu mzima, na abaki. Baada ya sindano ya usingizi utajisikia mzima huku hujawa mzima, kwa hivyo hakuna kuendesha gari, kurudi na boda peke yako wala kutia sahihi mkataba wa shamba hadi siku ifuatayo. Hewa tunayopuliza ndani itakufanya ujambe, na usiizuie, sisi tumezoea. Unaweza kula siku hiyo hiyo, kitu laini kwanza. Uji sasa ruhusa.

Homa, maumivu makali ya tumbo au damu inayoendelea kutoka ni ya kurudi hospitalini siku hiyo hiyo. Kinyama kikishakatwa, damu inaweza kuchelewa hata wiki moja au mbili, kwa hivyo usisafiri kwenda mashambani bila namba yetu kwenye simu. Na kama ulisimamishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, usitoke mlangoni kabla hujaandikiwa tarehe ya kuianza tena.