Sauti, mlio au kishindo? Namna ya kuchagua neno la kinachosikika

Kabla ya kuandika "sauti ya", jiulize ni nini kimelia na kimeliaje. Neno sauti si kosa, ila halimwonyeshi msomaji kitu.

Anza na kitenzi. Mbwa hubweka, jogoo huwika, kuku hutetea, simba hunguruma, nyuki na upepo huvuma, ngoma hurindima. Kisicho na kitenzi chake kipe lia: kengele hulia, hata bawaba kavu hulia. Nomino nyingi huzaliwa humo humo kwa kutia m- mbele na -o mwishoni: vuma, mvumo; rindima, mrindimo; nong'ona, mnong'ono; koroma, mkoromo. Kanuni hii haifiki kila mahali, kwa hiyo nomino ikikataa kutamkika, baki na kitenzi.

Kishindo ni cha kitu kizito kinachotua au kukanyaga. Mlipuko ni wa kinachopasuka. Mwangwi ni sauti inayorudi baada ya kugonga ukuta au mlima. Ukemi ni wito wa kumwita aliye mbali. Kuwa mwangalifu na kelele: ukiandika "kelele za watoto wakiimba" umeshatoa hukumu kwamba wanaudhi. Kama hukukusudia hivyo, andika sauti za watoto.

Tanakali za sauti ndizo tamu zaidi, na ndizo zinazoharibiwa zaidi. Jiwe likianguka majini ni chubwi, matopeni ni tapwi, mchangani ni pu. Iweke tanakali mara baada ya kitenzi: "Jiwe likatumbukia chubwi!" Huhitaji hata kutaja maji, msomaji ameshayaona. Ukiandika "likatumbukia kwa sauti ya chubwi" umeiua, kwa sababu umeanza kueleza kile ambacho neno lenyewe lilikuwa linakitenda. Moja katika aya inatosha.

Upande wa masikio, sikia hutokea bila kutaka, sikiliza ni kwa kukusudia, tega sikio ni kusikiliza kwa makini, na dukiza ni kusikiliza mazungumzo ya wengine kwa siri. Sikika ni ya sauti yenyewe: "hasikiki" maana yake sauti yake haifiki, wala si kwamba yeye ni kiziwi. Tena, sikia hubeba pia harufu, njaa na baridi, hivyo "nilisikia kitu gizani" huacha shaka. Taja kitu chenyewe: nilisikia nyayo, nilisikia harufu ya moshi.

"Sauti ya juu" nayo ina utata, kwani wengine huelewa kubwa na wengine nyembamba. Kubwa na ndogo ni nguvu ya sauti, inayopimwa kwa desibeli. Nyembamba na nene hutokana na idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi. Sikio changa lenye afya hupokea takriban hezi 20 hadi 20,000. Mbu ana sauti nyembamba na ndogo kwa pamoja, king'ora nyembamba na kubwa.